Jaza fomu ya chuo hata kama bado unapambana na Kijerumani

Saa kumi na moja alfajiri, kabla matatu hazijajaza Landhies Road, sisi wa Gikomba tayari tuko kazini. Beli likikatwa kamba hapana mchezo. Wateja wa kamera, wale wanaotaka kuchagua nguo za kwanza kabla ya mtu mwingine kuzigusa, huwa wamekusimamia kichwani kama wanaangalia penalti. Mimi husaidia shangazi kibandani mpaka saa nne hivi, kisha narudi kwa simu na maandishi yangu. Na katika laini yetu nina jina: Mjerumani. Koti likitoka na lebo imeandikwa "Handwäsche" au "nicht bleichen", mimi ndiye huitwa. Fua kwa mkono. Usitie Jik. Watu hucheka, mteja akifurahi huongeza hamsini, tunasonga.

Hiyo ndiyo kazi pekee ambayo Kijerumani changu kimewahi kunifanyia. Na ndiyo sababu wiki jana mama wa viatu, kibanda cha tatu kutoka chetu, alikuja akavuta gunia akakaa.

"Kijana wangu, wewe si ulipita hii njia? Hebu ongea na huyu msichana wangu. Mimi nimeshindwa."

Msichana mwenyewe ana miaka 18. Shule yake ya upili ilikuwa mojawapo ya zile zinazofundisha Kijerumani, akakichukua mpaka kidato cha nne. KCSE akapata B ya kutoa. Baada ya hapo mama akalipa darasa la B1, na mwezi uliopita akafanya mtihani. Kusoma alipita, kuandika alipita, kuzungumza alipita. Kusikiliza akapata 53, na pasi ni 60. Sasa dirisha la KUCCPS liko wazi na yeye hataki kujaza. Anasema akijaza chuo cha hapa ni kama ameinua mikono kuhusu Ujerumani. Anataka kukaa nyumbani mwaka mzima, amalize B1, apige B2, kisha atume maombi kule. Mama naye ameshahesabu ni pea ngapi za viatu zinaingia kwa karo ya ngazi moja, na hesabu imemkosesha usingizi.

Pengine wewe unayesoma hapa ndiye huyo msichana. Labda lugha yako ni Kifaransa au Kichina, lakini swali ni lilelile: je, niendelee na lugha kwanza, chuo kije baadaye? Jibu langu ni hapana. Tuma maombi, na lugha uendelee nayo. Wacha nikuambie kwa nini, na nitaanza na ujinga wangu mwenyewe.

Nilifanya KCSE mwaka wa 2017. Septemba 2018 nikaripoti chuo kikuu fulani cha umma, kozi ya takwimu. Sikuwa mbaya darasani. Lakini kuna jamaa aliniweka kwenye kundi la WhatsApp, na huko kila siku ilikuwa stori moja: vyuo vikuu vya Ujerumani havilipishi karo. Ni kweli, usinielewe vibaya. Vyuo vingi vya umma kule havitozi karo ya shahada ya kwanza, hata kwa mgeni. Kuna jimbo la Baden-Württemberg ambalo tangu 2017 hutoza wanafunzi kutoka nje ya Umoja wa Ulaya euro 1,500 kwa muhula, na kuna vyuo vingine vimeanza kufuata, lakini kwa jumla habari ile haikuwa uongo. Nikaona mbona nihangaike na karo hapa? Nikaanza masomo ya Kijerumani ya jioni. Mwisho wa 2019, baada ya mihula mitatu, nikaacha chuo ili niweke nguvu zote kwa lugha. Shangazi alilia. Mimi nikamwambia angoje aone.

Machi 2020 korona ikafunga madarasa. Nilipokuja kupata cheti cha B1 ilikuwa 2021, na pesa zilikuwa zimeisha. Hapo ndipo, kwa mara ya kwanza, nilikaa chini nikasoma masharti ya kuingia chuo kikuu kule. Ndiyo, umesikia vizuri. Nilisoma masharti baada ya kuacha chuo, si kabla.

Na masharti yanasema nini? Kwanza, KCSE peke yake kwa kawaida haikuingizi chuo kikuu cha Ujerumani moja kwa moja. Wao huhesabu kwamba shule yetu iliishia mapema kuliko yao. Kwa hivyo unapitia Studienkolleg, kozi ya maandalizi ya takriban mwaka mmoja yenye mtihani wa kuingia na mtihani mkubwa wa mwisho. Kuingia huko huwa wanataka Kijerumani cha B1 au B2, kutegemea mahali. Ukimaliza ndipo unaomba shahada yenyewe, na kwa shahada inayofundishwa kwa Kijerumani lugha inayodaiwa iko karibu na C1: TestDaF yenye nne katika kila sehemu, au DSH-2, au cheti kinacholingana.

Pili, na hii ndiyo ilinifanya nizime simu nikatoka nje nikatembea mpaka daraja la mto: masomo ya chuo kikuu uliyoyafaulu hapa nyumbani yanaweza kuhesabiwa. Ukishamaliza muda unaotakiwa katika chuo kinachotambuliwa, unaweza kuruhusiwa kuomba kozi ya aina ileile moja kwa moja, bila Studienkolleg. Kwa maneno mengine, ile takwimu niliyoitupa ilikuwa sehemu ya njia yangu ya kwenda. Nilivunja ngazi ili nipande haraka.

Kwa hivyo msichana wa mama wa viatu aliponiambia KUCCPS ni kukata tamaa, nilimwuliza anataka kusomea nini. Kompyuta. Nikamwambia, "Basi jaza kompyuta. Si hesabu za bima wala kozi yoyote eti kwa sababu alama zinatosha. Jaza kile unachotaka kwenda kusomea kule, maana mlango wanaoufungua huwa ni wa fani uliyoanza." Akanyamaza. Nadhani hakuna mtu alikuwa amemwambia hivyo. Hata mimi sikuambiwa, na kundi la WhatsApp lilikuwa na watu mia mbili na zaidi.

Usichukue neno langu kama sheria. DAAD, shirika la Ujerumani la kubadilishana wanafunzi, lina ofisi hapa Nairobi, na tovuti yake ina mahali unapochagua nchi na cheti chako, nayo inakuonyesha unaweza kuingilia wapi. Kuna pia hifadhidata inaitwa anabin ambayo huorodhesha vyuo vya nje vinavyotambuliwa. Imeandikwa kwa Kijerumani, lakini kama uko B1 na huwezi kuisoma kwa kamusi, basi tuna mazungumzo mengine.

Sasa tuje kwa saa, kwa sababu hapa ndipo wengi hujidanganya. Goethe-Institut hukadiria masomo ya dakika 45. A1 ni kati ya 80 na 200. B1 ni kati ya 350 na 650. B2 ni 600 hadi 800, na C1 ni 800 hadi 1,000. Hesabu hizo ni jumla kutoka mwanzo, si kila ngazi peke yake. Tuseme umefika B1 ukiwa umetumia masomo 500, na tuwe wakali tuseme utahitaji 1,000 ili ufike C1. Umebakisha 500. Yagawe kwa miaka miwili, wiki 104, inakuja masomo matano kwa wiki. Dakika 45 kila siku ya kazi, Jumamosi na Jumapili upumzike. Mwanafunzi wa chuo anayeshindwa kupata dakika 45 kwa siku ana shida nyingine, na mimi nilikuwa huko, naijua ile meza ya pool.

Linganisha na kukaa nyumbani mwaka mzima. Mpango ni kwamba utasoma saa nane kwa siku. Sema ukweli, ni nani hapa Eastlands amewahi kukaa nyumbani akaachwa asome saa nane? Mama anakutuma Muthurwa. Maji yamekuja, chota. Shangazi ana beli mbili leo, njoo tusaidiane. Huwezi kukataa, maana wewe "haufanyi kitu". Hilo ndilo neno la mtaani kwa mtu anayesoma lugha bila chuo, na baada ya miezi sita wewe mwenyewe unaanza kuliamini. Nilipokuwa chuoni nilisoma Kijerumani zaidi kuliko nilipokuwa nyumbani ninasoma Kijerumani peke yake. Sitaki kulifanya hili sayansi, lakini ndivyo ilivyokuwa.

Kuna jambo la cheti pia. Cheti cha Goethe chenyewe hakina tarehe ya kuisha. Lakini taasisi nyingi hudai kisiwe kimezidi miaka miwili. Changu cha 2021 kiko kwenye karatasi ya plastiki chini ya godoro, kinapendeza, na hakuna afisa yeyote atakayekitazama mara mbili. Kwa hivyo kukimbilia cheti mapema, kabla hujajua utakitumia wapi na lini, ni kama kununua beli la makoti mwezi wa kumi na mbili. Joto hilo, utamwuzia nani?

Huyo binti na 53 yake, je? Hili lilikuwa rahisi kuliko alivyodhani. Mtihani wa B1 una sehemu nne na kila moja inasimama peke yake. Sehemu tatu alizopita ni zake. Anarudia kusikiliza tu, na si lazima alipie darasa lote upya ili afanye hivyo; watahiniwa wa nje hukubaliwa. Tatizo lake si sarufi. Masikio yake yamezoea Kijerumani cha mwalimu, kile cha polepole chenye huruma. Nikamwonyesha *Nicos Weg* ya Deutsche Welle, ambayo ni ya bure na inaanzia A1 mpaka B1, na video zake watu wanaongea kama watu. Kama bando ni shida, maktaba ya Kaloleni haiko mbali na hapa, na ile ya Goethe pale Maendeleo House, Monrovia na Loita, mtu anaweza kuingia akakaa na vitabu. Wengi wetu tunapita nje ya mlango huo kila wiki tukienda kupanda mathree, hatuingii.

Mama alikuwa anasikiliza yote haya huku akipanga raba kwa saizi. Ndipo akauliza lililokuwa linamkaba: "Sasa mimi nitalipa chuo na Kijerumani kwa wakati mmoja?"

Hapa sina maneno matamu. Huwezi, mama. Chuo kina HELB, kina mpango wa serikali wa ufadhili unaoombwa mtandaoni, kina hata ofisi ya kuombea muda wa kulipa. Kijerumani kinategemea mfuko wako peke yake. Kwa hivyo mwaka wa kwanza wa chuo, lugha iwe ya bure: simu, maktaba, marafiki wawili wa kuongea nao. Pesa ziwekwe kwa mtihani, si kwa darasa. Mwaka wa pili, kama bado ana moto, ndipo darasa la B2 au C1 lilipiwe. Na kabla ya yote ajue kuna pesa nyingine kubwa mbele ambayo kundi la WhatsApp huitaja kwa sauti ya chini: akaunti iliyofungwa, Sperrkonto. Mwanafunzi anayeomba viza kwa kawaida huonyesha euro 11,904 za kujikimu mwaka mmoja, yaani 992 kwa mwezi, kiwango cha tangu Septemba 2024. Kwa shilingi ni zaidi ya milioni moja na nusu. Ufadhili wa masomo au mdhamini aliye kule anaweza kusimama badala yake. Lakini karo ya bure haimaanishi kwenda ni bure.

Mama aliposikia milioni aliweka raba chini. Nilijuta kidogo. Lakini ni bora aisikie sasa, kibandani, kuliko aisikie baada ya kulipa ngazi nne.

Kuna watu ambao ushauri wangu hauwahusu, na nisipowataja nitakuwa nimekudanganya. Ikiwa hutaki shahada, unataka Ausbildung, yale mafunzo ya kazi ambapo unasoma chuo cha ufundi na kufanya kazi kwa mwajiri huku unalipwa, basi lugha ndiyo kila kitu. Uuguzi kule ni miaka mitatu ya namna hiyo. Mara nyingi B1 ndiyo chini kabisa, na waajiri wengi wanataka B2. Hapo hauna haja ya Studienkolleg wala mihula ya hapa. Kama KCSE yako iko sawa na una mkataba wa mwajiri mkononi, au mazungumzo ya kweli na mwajiri mwenyewe, kaa uisome lugha usiku na mchana, KUCCPS iende zake.

Nimesema mwajiri mwenyewe. Tangu Septemba 13, 2024, Rais Ruto na Kansela Scholz waliposhuhudia mkataba wa uhamiaji na kazi ukitiwa saini Berlin, mtaani kumekuwa na wimbo wa nafasi 250,000. Wizara ya Mambo ya Ndani ya Ujerumani ilikanusha idadi hiyo palepale. Mkataba hauna hesabu ya watu wala mgao. Waliotajwa kuwa tayari wamefika wakati huo walikuwa madereva watano wa basi, mjini Flensburg. Watano. Kwa hivyo wakala akikuambia lipa leo, A1 inatosha, nafasi zinaisha Ijumaa, mwulize jina la kampuni na anwani, kisha umwangalie macho.

Na wa Kichina? Majirani zetu wa Kamukunji wanaoagiza mali Guangzhou na Yiwu huniuliza hili kuhusu watoto wao. Chuo Kikuu cha Nairobi kimekuwa na Taasisi ya Confucius tangu 2005, kwa hivyo mahali pa kujifunzia pako. Lakini kule mpangilio ni tofauti: ukipata ufadhili wa serikali ya China kwa shahada ya kwanza inayofundishwa kwa Kichina, kwa kawaida mwaka wa kwanza ni wa lugha, ndani ya ufadhili uleule. Yaani wanakupokea kwanza, wanakufundisha lugha baadaye. Kukaa nyumbani miaka miwili ukisaka HSK ya juu kabla hata ya kutuma maombi ni kuchelewa bure, hasa kwa kuwa alama za HSK za kuingilia chuo nazo hutambuliwa kwa miaka miwili tu.

Turudi kwa kibanda cha viatu. Msichana alinitupia swali ambalo sikulitarajia: "Kaka, na kama nikienda chuo nikizoea huko, nisahau Ujerumani kabisa?"

Nikamwambia inawezekana. Watu huzoea. Utapata marafiki, utapata klabu, pengine utapata kazi kabla ya kumaliza, na Kijerumani kitabaki cha kusoma lebo kama changu. Tofauti ni kwamba utakuwa na digrii ya kompyuta na lebo. Mimi nina lebo.

Mama yake alicheka mpaka akafuta macho. Yeye hakucheka.

Jioni hiyo, tunafunga turubai, nikamwona akielekea saiba ya pale karibu na Digo Road, namba yake ya mtihani imeandikwa kwenye kiganja kwa kalamu. Kesho yake shangazi ndiye aliyeniletea habari: amejaza kompyuta chaguo la kwanza, la pili na la tatu, vyuo tofauti, na cha nne ameweka kitu ambacho hata mama hajui ni nini. Kusikiliza anarudia mwezi ujao. Mama wa viatu bado hajajua karo itatoka wapi, na leo asubuhi amenunua beli la raba kwa mkopo. Nimelisoma jina la nchi ubavuni. Limetoka Korea, kwa hivyo sikuitwa.